Mstari wa Sentimita Kumi

Siku Kasiva alipoliona jina la Kivuva nyuma ya meli ya mume wake, hakulia wala hakupiga kelele. Aliinama mbele ya kabati la kioo katika ukumbi wa kanisa pale Mbumbuni, akavaa miwani, akasoma polepole kama mtu anayesoma maagizo kwenye chupa ya dawa. IMEUNDWA NA J. KIVUVA. Herufi zilikuwa zimechomwa kwa chuma cha moto, nyeusi, zimezama ndani ya ubao. Akazihesabu. Kumi na saba.

Kiondoni mwake mlikuwa na kitambaa cha flana alichokibeba kutoka Mutomo, cha kuifunga meli hiyo airudishe nyumbani. Kivuva, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa ameiazima kwa wiki mbili. "Watu wa huku waione tu, shemeji, halafu nakuletea mwenyewe." Wiki mbili zilikuwa zimegeuka miezi minne.

Mama mmoja wa kanisa aliyekuwa akifagia akauliza, "Na huyu mgeni ni nani, Mzee Kivuva?"

"Huyu?" akajibu Kivuva, amesimama kando ya kabati. "Ni mke wa marehemu ndugu yangu, wa Mutomo huko. Alikuwa anatupikia chai tukijenga."

Kasiva akavua miwani. Akaikunja vizuri, akaitia kwenye kiondo juu ya kile kitambaa, akamsalimia yule mama kwa mkono, akatoka.

Kivuva akamfuata mpaka mlangoni. "Shemeji, usichukue vibaya. Watu wanapenda kujua fundi ni nani. Nisingeweka jina wangeuliza maswali mengi."

"Sawa, shemeji."

"Si unajua Muthama alikuwa ndugu yangu? Cha Muthama ni cha nyumbani."

"Najua."

Akashika njia ya Mutomo. Waliomjua Kasiva vizuri wangemwonea huruma Kivuva kuanzia saa hiyo, maana huyu ni mwanamke aliyewahi kungoja miaka sita kumjibu jirani aliyemwita mchawi, na siku alipomjibu, jirani alihama.

Tuseme kwanza meli hiyo ilitoka wapi.

Muthama alikuwa amefanya kazi ya mitambo kwenye meli za mizigo miaka ishirini na miwili. Alipostaafu alirudi Mutomo, ambako mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, akaanza kuunda meli ndogo za mbao kwa kujifurahisha tu. Wapita njia walisimama kwenye ua wa miti na kumcheka.

"Muthama! Hiyo utaielekeza wapi?"

"Nangoja gharika ya pili. Na wewe sitakupakia."

Kisha ugonjwa wa sukari ukaanza kumla macho. Kwanza akashindwa kuona uzi, halafu milimita za rula, mwisho akawa anaona kivuli cha mkono wake tu. Alikuwa ameanza kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kuiunda meli ya mwisho aliyoitumikia, urefu wa mkono wa mtu, kila kitu chake kikiwa mahali pake. Binti yao Ndinda, anayefanya kazi Kitui mjini, akawaletea laptop yake ya zamani yenye programu ya kuchora meli, ile ya bure. Muthama hangeweza kuiona. Basi Kasiva, aliyeacha shule darasa la nne, akakaa mbele yake.

Mwezi wa kwanza alichora kitu kama kiatu. Wa pili, kama ndizi. Lakini mume wake alikuwa na meli nzima ndani ya kichwa, na yeye alikuwa na subira ya kuitoa humo kidogo kidogo. Programu yenyewe ilikuwa na akili: unachora upande mmoja wa meli, wa pili inauchora yenyewe. Unashika nukta na kipanya, unaivuta, na tumbo la meli linafuata. Ukimaliza, unaikata meli vipande kama mkate, na kila kipande ni ubavu mmoja wa kuchapisha kwenye karatasi na kukatia mbao.

"Punguza hapo ubavu wa saba," Muthama alikuwa akisema, kidole hewani.

"Kiasi gani?"

"Milimita mbili. Hapana, moja na nusu. Meli si fahali wa kunenepeshwa."

Na alikuwa na sheria moja asiyoiachia. Katika kona ya kila karatasi ilikuwa lazima uchorwe mstari wa sentimita kumi kamili. Ukitoka saiba kuchapisha karatasi zako, kabla hujashika msumeno, unaweka rula ya chuma juu ya mstari ule. Ukisoma kumi, endelea. Ukisoma pungufu, washia moto.

"Printa hazina adabu," alisema. "Ukizipa mchoro mkubwa kuliko karatasi yao, zinaubana mpaka uingie, na hazikuambii kitu. Mchoro unabaki mzuri vilevile. Udogo wake huuoni kwa macho, hata kama yangekuwa mazima."

Kasiva alidhani ni uchungu wa mzee kipofu mpaka siku walipobananisha mbavu sita kwenye karatasi moja, mstari ukasoma tisa na milimita tatu. Siku hiyo aliwashia moto karatasi zote, na hakusahau tena.

Muthama alifariki mbavu zikiwa zimesimama juu ya uti wa mgongo wa meli, nyeupe, kama samaki aliyekwisha kuliwa. Kasiva akaimalizia peke yake kwa miezi kumi na minne. Alikata mbao za mti wa mukau, nyembamba kama ganda la sanduku la kiberiti, akaziloweka kwenye maji ya moto, akazikunja juu ya kopo la chai lenye joto, akazibana kwenye mbavu kwa vibanio vya nguo mpaka gundi ikauke. Siku nyingine ubao mmoja tu ulimchukulia asubuhi nzima. Alipiga msasa, akafunga kamba za uzi, akaweka uzito chini ili isimame vizuri majini. Kitu kimoja hakukiweka. Nyuma ya meli kulikuwa na mahali patupu pa kuchoma jina la Muthama, na kila alipopasha chuma moto alikishika mpaka kikapoa, akakiweka chini. Kesho, alisema. Kesho.

Ni mahali hapohapo Kivuva alipopata nafasi.

"Mama, nenda na laptop," Ndinda alimwambia aliposikia habari. Alikuwa amekuja Jumamosi, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko ya mama yake, au ilionekana hivyo. "Mwonyeshe Askofu wa kanisa lao michoro yote. Tarehe ziko hapo. Kwisha."

"Atasema ndugu yake alichora, yeye akajenga."

"Sema wewe ndiye ulijenga!"

"Mimi ni mama wa chai, hukusikia?"

"Mwaitu, mama yangu, hata mimi ni shahidi."

"Wewe ni mtoto wangu. Watanionea huruma, waniambie wataomba juu ya hilo jambo, kisha wafunge kabati." Kasiva alikuwa akichagua mawe kwenye pojo, na aliyatupa moja moja nje ya mlango. "Sitaki huruma. Nataka jina lile litoke, na nataka litolewe na mkono uliolitia. Na nataka aaibike mbele ya watu walewale aliowaambia mimi ni mama wa chai."

"Utafanyaje?"

"Nitakaa."

Akakaa. Mvua za vuli zikaja kidogo, zikaenda. Akavuna pojo. Mbuzi wakazaa. Jumapili alikwenda kanisani kwake akaimba sauti ya pili kama kawaida, na watu waliposoma kuhusu kusamehe saba mara sabini alifunga Biblia yake taratibu na kutazama dirishani. Hakujidanganya kwamba amesamehe. Mungu na yeye walikuwa wanaelewana kwamba jambo hilo limewekwa kando kwa muda.

Mwaka na nusu ulipita, na siku moja mchana Kivuva akaingia uani na mchele, sukari na mafuta ya kupikia.

"Shemeji! Ukoje? Ulinitupa kabisa."

"Karibu, shemeji. Keti hapo kwenye kivuli."

Akampikia muthokoi wa mahindi na maharagwe, akamtilia nyama. Kivuva alikula, akasifu, akauliza habari za mbuzi, akauliza habari za Ndinda, akazunguka wee kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Kasiva alimwacha azunguke.

"Sasa, shemeji," akasema mwisho. "Kanisa letu litafanya sherehe ya miaka hamsini mwezi wa nane. Askofu Kitheka ameipenda ile meli sana. Ameniambia, 'Kivuva, unda nyingine, kubwa, urefu wa mtu mzima. Tutaiombea na kuitia majini mbele ya washirika wote. Iwe safina yetu.' Nikamwambia hakuna shida."

"Kweli hakuna shida. Wewe ni fundi."

Kivuva akacheka kidogo, akaangalia mikono yake. "Fundi ni fundi, lakini fundi anataka michoro. Ile michoro bado iko kwenye ile kompyuta?"

"Michoro ya nani?"

Hapo alimpa nafasi ya kwanza. Angesema "ya Muthama," mambo yangekwenda njia nyingine, na Kasiva mwenyewe hakujua ni ipi.

"Ile michoro ya meli yangu," akasema Kivuva.

"Iko. Lakini ni ya meli ndogo, lazima niikuze. Rudi Jumatano."

Kuikuza kwenyewe kulichukua dakika tano. Unaiambia programu mara tatu, nayo inaongeza mara tatu. Zile siku nyingine alizitumia kufikiri. Meli ikiwa kubwa hivyo, mbavu za mbele na za nyuma, zilizo nyembamba, zitaingia kwenye karatasi ya kawaida bila shida. Zile tisa za katikati, zenye tumbo, zinataka karatasi kubwa ya kuchapishwa Kitui mjini. Na Kivuva hatakwenda Kitui mjini. Atakwenda saiba iliyo karibu na nyumba yake, atampa kijana flashi, atasema, "Nichapishie zote haraka," na printa itafanya ilivyozoea.

Hakubadilisha hata nukta moja ya mchoro. Angeapa mahakamani kwamba michoro aliyompa shemeji yake ilikuwa sahihi. Alifanya kitu kimoja tu. Alifungua karatasi ya kwanza, akasogeza kipanya hadi kwenye kona, akashika mstari wa sentimita kumi, akaufuta. Akafungua ya pili.

Karatasi kumi na saba. Kila alipofuta, alingoja kidogo kabla ya kufungua nyingine, maana hiyo ilikuwa sheria ya Muthama, na Muthama hakuwahi kumkabidhi mtu karatasi isiyo na mstari, hata adui. Alipofika ya kumi alisimama, akaenda kunywa maji, akatazama mbuzi. Kisha akarudi akamalizia saba zilizobaki.

Jumatano Kivuva akachukua flashi, akaibusu kwa mzaha, akaondoka.

Mwezi wa saba simu ikapigwa. Kasiva alikuwa akifua. Akakausha mikono kwenye leso.

"Shemeji, habari ya huko? Hapa tunaendelea vizuri. Mbavu zimesimama, mbao zimeanza kupigwa." Nyuma yake nyundo ililia, na Kasiva akafinya macho; nani anapiga misumari kwenye meli ya mfano? "Nimemweka fundi mmoja anaitwa Kiilu, yule wa vitanda na majeneza. Sasa, kuna kitu Kiilu anauliza."

Sauti nyingine ikaingia kwa mbali. "Mama, hujambo! Mimi nauliza hivi, hii kitu ina kiuno! Mbele nene, nyuma nene, katikati imekatika kama nyigu. Na mgongo umebonyea kama punda wa maji!"

"Nyamaza, Kiilu," akasema Kivuva. "Umeona meli wapi wewe? Ulishawahi kuiona chini? Kiuno ni cha kukata mawimbi." Kisha kwa Kasiva, sauti chini kidogo, "Ndivyo, si ndivyo, shemeji?"

Kasiva aliketi kwenye jiwe la kufulia. Alijua kwamba hapo ndipo mahali. Neno moja, pima karatasi zako, na Kivuva angechapisha upya, mwezi ungetosha, meli ingesimama, na jina lake lingechomwa kwenye meli mbili badala ya moja. Akamwekea mtego wa mwisho, au tuseme mlango wa mwisho, maana ulikuwa vyote viwili.

"Ile ya kwanza mlifanyaje na Muthama?" akauliza. "Ilikuwa na kiuno?"

Nyundo ikakoma. Kiilu alikuwa anasikiliza; hilo lilisikika hata kwenye simu.

"Ile ya kwanza niliunda peke yangu, shemeji, unajua hivyo," akasema Kivuva kwa sauti ya kuchangamka. "Marehemu macho hayakuwa yakiona."

"Basi wewe ndiye unajua," akasema Kasiva. "Fuata karatasi."

Akarudi kwenye ndoo yake. Alifua shuka ile mpaka maji yakawa safi, halafu akaifua tena.

Siku ya sherehe alivaa gauni la bluu la harusi ya Ndinda, akaenda Mbumbuni na binti yake. Kanisa lilikuwa limejaa hadi nje. Baada ya mahubiri na kwaya sita, watu wakazunguka kidimbwi cha ubatizo kilicho uani, kile cha saruji chenye ngazi, kilichojazwa maji ya kisima tangu asubuhi. Meli ililetwa na vijana wanne wa kwaya. Ilipakwa rangi nyeupe na buluu, na matundu yote, mashimo yote na kiuno chote vilizibwa kwa puti na rangi juu yake, na ili kuinua mgongo uliobonyea Kiilu alikuwa ameongeza mbao nzito juu, na juu ya hizo nyumba ya nahodha kubwa kama meza ya redio. Kwa mbali ilipendeza. Wamama wakapiga vigelegele.

Kivuva alikuwa na suti mpya. Alipomwona Kasiva alimpungia mkono kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli. Ndiyo iliyomuudhi Kasiva kuliko uongo wote.

Askofu Kitheka aliomba sala ndefu. Kisha akasema, "Fundi, ingiza safina yetu."

Meli ikashushwa. Ikakaa majini kwa muda wa kusema amina. Halafu ikainama upande mmoja, polepole, kama mlevi anayetafuta ukuta, ikapinduka, tumbo juu, na kubaki hapo. Puti ikaanza kutoka vipande vipande, na kiuno kikaonekana wazi mbele ya kila mtu.

Hakuna aliyecheka mpaka Askofu mwenyewe alipokohoa na kusema, "Naona hii imebatizwa kwa kuzamishwa kabisa." Hapo uani pakalipuka.

"Ni maji!" Kivuva alipaza sauti, jasho likimtoka. "Baba Askofu, meli ni ya bahari! Inataka maji ya chumvi!"

"Chumvi?" akajibu mzee mmoja. "Kivuva, hayo maji ya kisima chetu hata ng'ombe wanayakataa kwa chumvi!"

Kicheko kikazidi. Askofu akainua mkono. "Haya, haya. Ile ya kwanza je, Mzee Kivuva? Nayo itakataa maji yetu?"

"Ile ni ya kabati, Baba Askofu. Si ya maji."

"Ni ya maji," akasema Kasiva.

Hakupaza sauti, lakini watu walimpisha. Yule mama aliyekuwa akifagia siku ile akamtambua. "Si wewe ni yule wa chai?"

"Ndiye mimi. Nileteeni meli."

Kivuva akajaribu kusimama mbele ya mlango wa ukumbi, akasema kabati limefungwa, ufunguo haupo. Askofu akatoa ufunguo mfukoni mwake. Kasiva akaipokea meli kwa mikono miwili. Kwa miaka miwili hakuwa ameishika, na uzito wake ulikuwa uleule.

"Shemeji," akamwambia Kivuva mbele ya watu, "uzito wake uko wapi? Mahali unafungua ili isimame sawa."

Kivuva aliigusa hapa, akaigusa pale, kama daktari asiyejua ugonjwa. Akavuta mlingoti. Akabonyeza bomba la moshi. "Ilifungwa na gundi," akasema.

Kasiva akabonyeza kwa ukucha kifuniko cha tatu cha ghala la mizigo, kikafunguka. Ndani mlikuwa na vipande vya risasi, vile vya kubalansia magurudumu ya gari, alivyoviomba kwa fundi wa tairi wa Mutomo. Akaiweka meli majini kwenye ngazi ya kwanza. Ililala kushoto kidogo. Akatoa kibano kiondoni, akahamisha kipande kimoja kulia, akafunga. Meli ikajiinua, ikasimama wima kabisa, ikaanza kuondoka yenyewe kwa upepo mdogo wa pale uani, ikapita kando ya ile kubwa iliyolala tumbo juu.

Hapo hapakuwa na vigelegele. Watu walitazama tu.

"Nani aliichora?" akauliza Askofu.

"Mume wangu Muthama alisema, mimi nikachora. Hakuwa akiona."

"Na nani aliijenga?"

Kasiva alinyoosha mikono yake mbele yake, yenye alama za gundi zisizotoka na kidole kimoja chenye kovu la kisu. Kiilu, seremala, akasogea akavitazama vile vidole, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesoma risiti.

"Mama," akasema Kiilu, "na hii nyingine iliharibikia wapi? Haki ya Mungu mimi nilifuata karatasi."

"Karatasi za katikati printa ilizibana. Zinatakiwa kupimwa kabla ya kukata. Huwa kuna mstari wa kupimia."

"Mimi sikuona mstari."

"Niliufuta."

Ndinda akamvuta mkono. Kasiva hakumtazama.

Askofu akamgeukia. "Ulijua itapinduka?"

"Nilijua. Angemtaja mume wangu ningemwambia. Nilimngoja kwa simu, na nyumbani nilimngoja."

"Hicho ni kisasi, mama."

"Ndiyo, Baba Askofu."

Kilichowashangaza watu ni kwamba hakuongeza neno la kujitetea. Askofu akasema sherehe iendelee na chakula kigawiwe. Lakini wengi hawakuondoka, wakabaki kumwona Kivuva, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya kidimbwi na suti yake imelowa hadi magotini.

"Shemeji," akasema, "hata mimi ni ndugu yake. Ulitaka nini? Ungesema tu, ningekurudishia."

"Nataka utoe jina lako."

Akatoa kiondoni karatasi nne za msasa, kuanzia ile ya kukwaruza mpaka ile laini kama kitambaa, na kitambaa cha flana akakitandika kwenye benchi. Akaiweka meli juu yake, nyuma ikimwelekea Kivuva.

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Uliniita mama wa chai wapi?"

Kivuva akashika msasa. Alisugua kwa hasira kwanza, na Kasiva akamwambia afuate mishipa ya mbao, la sivyo atakwaruza. Akasugua kwa kufuata mishipa. Watu walikula pilau wamesimama wakitazama. Watoto walihesabu herufi zilizobaki kwa sauti. Neno la kwanza likatoka, neno la pili likatoka, na jua likahama kutoka benchi hadi kwenye ukuta wa kanisa.

"Imetoka, shemeji."

Kasiva akapitisha kidole gumba. "Bado. Naisikia V."

Akasugua tena. Vidole vilimtoka malengelenge. Mkono wa koti ulikuwa umegeuka rangi ya vumbi la mukau.

"Imetoka sasa?"

"Zote mbili bado. V zote."

Kivuva akaishikilia meli kwenye mwanga, akatazama kwa karibu, na mara ya kwanza siku hiyo akasema jambo la fundi. "Shemeji, sikiliza. Chuma kilikuwa cha moto sana. Kimeingia ndani karibu upande wa pili. Hapa ubao umebaki kama karatasi. Nikiendelea nitatoboa." Akamtazama, na macho yake yalikuwa yanaomba. "Acha hiyo alama kidogo tu. Uchome jina la Muthama juu yake, hakuna mtu ataona."

Kasiva akachukua meli, akaigeuza. Ni kweli. Mwanga ulipita kwenye ubao pale kati ya herufi mbili, mwekundu, kama unavyopita kwenye sikio la mtoto. Ubao huo aliukunja mwenyewe juu ya kopo, siku tatu baada ya arubaini ya Muthama kumalizika. Alijua ulikuwa wa ngapi kutoka chini.

"Mama, imetosha," akasema Ndinda polepole. "Imetosha sasa. Twende."

Akamrudishia Kivuva meli.

"Endelea."

"Itatoboka! Maji yataingia!"

"Yaingie."

Kivuva akaendelea. Mkono wake ulikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka V ya kwanza ikafifia, na ya pili ikafifia, na ubao ukalia kidogo, ukafunguka, na nyuma ya meli pakabaki tundu la ukubwa wa kidole. Hapo Kasiva aliikomboa mkononi mwake. Alipitisha gumba kuzunguka tundu lile mara mbili, kwa makini, hadi akaridhika kwamba hakuna herufi. Kisha akaipuliza ndani kutoa vumbi, akaifunga kwenye flana, akaipakata kifuani.

"Chukua msasa wako, mama," akasema Kivuva, akiwa amechoka.

"Kaa nao," akasema Kasiva.